Kinyongo Hakitumwi kwa Lori

Hospitali ya Misheni, Ruangwa
4 Machi 1951

Mjomba Eustakio,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu. Nakuandikia nimekalia debe tupu nyuma ya wodi ya wanawake, miguu ndani ya beseni la maji, maana tangu alfajiri sijakaa. Huku hatujambo. Baba yangu Kasmiri mzima, ufuta wake umeota vizuri, ila nguruwe wameanza kuuonja. Mdogo wangu Protasi amepata kipaimara, akavalishwa shati jipya, akalichana siku hiyohiyo kwa kupanda mkorosho. Wagonjwa ni wengi. Wengine tunawalaza chini, kati ya vitanda, na Masista wanawaruka kama wanavuka matuta ya mihogo.

Sasa neno lenyewe. Dada yako yuko kwangu, kitanda cha pembeni karibu na mlango. Tumbo la mama limekua hata wanawake wa sokoni wakampa hongera ya mimba, naye umri wake unaujua. Mama Daktari amempima. Ni uvimbe, na hautoki kwa dawa ya kunywa, unatoka kwa kisu. Baba aliitwa, akaweka dole gumba kwenye karatasi, visu vikachemshwa. Asubuhi yake mama akakataa kupanda kitanda cha magurudumu.

"Kasmiri ni mume wangu," alisema, "lakini mwenye mimi ni kaka yangu."

Masista walinitazama mimi, kana kwamba nimemfundisha. Kwao mke ni wa mumewe, basi. Nilijaribu kueleza kwamba sisi Wamwera mtu na watoto wake ni wa upande wa mama, na mjomba asiposema, hakuna lililosemwa. Mama Daktari akaniuliza kama mjomba wangu amesomea udaktari.

Na si ruhusa tu anayoitaka. Tangu uende huko kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu hujakanyaga hapa, hata Noeli. Mama anasema una neno moyoni, na neno hilo ndilo linalomshika tumbo. Anataka ufanye kama wafanyavyo wakubwa wetu: uje, uchukue maji mdomoni, uliseme mbele yake neno linalokukera, umpulizie, moyo wako umwachie. Hapo atakubali kukatwa. Wewe ulikuwa katekista, unajua kuliko mimi kama ni dhambi. Mimi naomba uje tu.

Mpwa wako,
Valentina


Nyumba za Wapishi, Nachingwea
29 Aprili 1951

Mpwa wangu Valentina,

Marahaba. Milele amina. Barua yako ililala kwa karani mpaka mende wakaila pembeni, lakini maneno yamenifikia yote. Mimi mzima. Pasaka tulisalia ndani ya banda la matrekta, tukipiga magoti kwenye mafuta machafu, na suruali yangu nyeupe sasa ni ya kazi. Mvua imekatika mapema. Ardhi ya huku ikikauka inakuwa sakafu, jembe la trekta linavunjika na karanga zinabaki chini. Wazungu ninaowapikia wanakula kidogo na kunywa sana, wanasema wengi wao watarudishwa kwao. Kila jioni wananiuliza mimi kama mvua itanyesha, kana kwamba nimeificha stoo.

Habari ya dada imenikata maini. Mwambie ale, hata uji. Mwambie asiinue kitu kizito. Hilo la kinyongo, mwambie sina. Dionisia nilimbeba mgongoni mama yetu alipokuwa shambani, nina kinyongo gani naye?

Kuja, nitaona. Bwana wa hapa hatoi ruhusa. Kawia ufike, mpwa wangu.

Mjomba wako,
Eustakio


Ruangwa
20 Mei 1951

Mjomba,

Shikamoo. Tunaendelea. Nguruwe wameushinda ufuta, baba analala shambani na debe la kupiga, na hasira zake anatuletea sisi. Mama hajambo kidogo.

Barua yako nilimsomea mara mbili. Akauliza umesema utakuja lini. Nikasema utakuja. Akauliza siku gani, nikajifanya nanyoosha shuka. "Asiye na kinyongo huja," alisema, akageukia ukutani.

Unaniambia kawia ufike. Mimi nakuambia ngojangoja huumiza matumbo, na tumbo lenyewe ninaliona kila siku. Mama Daktari anakwenda likizo kwao mwisho wa Oktoba, likizo ndefu, na wa kushika kisu baada yake hatujaahidiwa. Yule mama ametoka Ulaya, akavuka bahari, malaria yetu imemlaza hata nywele zimemtoka, yote hayo ili amtazame dada yako. Wewe unatoka Nachingwea tu. Ukipanda lori asubuhi, jioni uko hapa unakula ugali.

Isihaka, yule dereva wa lori, amesema alikuona. Umevaa shati la mikono mirefu katika jua lile, na alipokupa mkono hukumpa wako. Anasema karanga za Wazungu zimekutia majivuno. Nimekutetea, lakini nimechoka kukutetea.

Valentina


Nachingwea
8 Julai 1951

Mpwa wangu,

Marahaba, nakusalimu na wote wa nyumbani. Isihaka aseme apendavyo, mdomo ni wake. Mimi mzima.

Kwa mkono wake huyohuyo Isihaka napeleka chupa. Maji yaliyomo niliyaweka mdomoni, nikasema moyoni kwamba simshiki Dionisia kwa neno lolote, nikayarudisha ndani nikaziba. Mwambie anawe uso na tumbo, kisha akubali kisu. Ruhusa yangu ndiyo hiyo, nimeitoa. Samahani kwa chupa, hapa chupa zote ni za wiski. Niliiosha.

Eustakio


Ruangwa
22 Julai 1951

Mjomba,

Shikamoo. Chupa imefika, na ungekuwa na aibu kidogo ungekuja mwenyewe uone iliyoyafanya.

Isihaka aliifikisha wodini, ameinyanyua juu, kila mtu akaiona ni ya wiski. Sista akaishika akainusa. Akamwuliza Isihaka ni kitu gani. Yeye Mwislamu, ya kanisani kwetu hayajui, akasema ni maji ya baraka kutoka kwa katekista Eustakio wa Nachingwea. Sista akafurahi mno, kwa kuwa kibakuli cha maji ya baraka pale mlangoni kilikuwa kimekauka. Akamimina yote. Nilipotoka chumba cha dawa, nusu ya wodi ilikuwa imekwisha jipaka mate yako katika paji la uso, kwa jina la Baba na la Mwana. Nilisimama na trei yangu. Kucheka nilicheka baadaye, kule kwenye kamba za kuanikia.

Mama hakucheka. Alisema hata yangemfikia asingeyanawa. Maneno ya maji hayo nani aliyasikia? Neno linalomkera mtu husemwa mbele ya yule aliyemkera, masikio yake yalisikie. Kinyongo hakitumwi kwa lori kama gunia.

Sasa halali chali, tumbo linambana pumzi. Nilikuandikia hajambo kidogo. Haikuwa kweli, nilitaka usishtuke. Sasa shtuka.

Valentina


Nachingwea
2 Septemba 1951

Mpwa wangu Valentina,

Marahaba. Mwandiko huu usikutishe, ni wa Adinani, dobi wa hapa, mtu mwaminifu. Yeye hufunga mlango wakati wa sala zake na mimi wakati wa zangu, ndiyo maana tunapatana. Habari za huku ni kuuzwa kwa matrekta. Meza niliyozoea kuipanga vijiko vingi, sasa napanga vitatu. Mbuzi wa mabwana wamechinjwa, hata yule wa maziwa.

Ninamwandikisha Adinani kwa kuwa mkono wangu wa kulia umefungwa. Juzi niliinua sufuria jikoni bila kitambaa, nikalibeba mpaka mezani. Njiani nikasikia harufu ya nyama inayoungua, nikashangaa, maana siku hiyo nilipika samaki. Kumbe ni kiganja changu. Lakini usihofu hata kidogo, sikusikia maumivu yoyote.

Habari ya dada kubanwa pumzi imeninyima usingizi. Msomee Salamu Maria mimi nikisoma huku.

Eustakio


Ruangwa
9 Septemba 1951

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua hii usimpe Adinani, isome mwenyewe hata ikikuchukua siku nzima.

Yako niliisoma nimesimama, nilipofika kwenye samaki nikakaa chini. Mtu akishika sufuria la moto asisikie, sisi huku hatumpi pole tukaishia hapo. Ninawafunga vidonda watu wa kambi ya ng'ambo ya kijito kila Jumatano, mjomba. Wote walianza kwa kuungua wasijue. Una baka mkononi, limefifia, ukiligusa halisikii. Ndiyo sababu ya shati la mikono mirefu. Ndiyo sababu hukumpa Isihaka mkono wala hukuja Noeli. Ni ukoma, na wewe unajua tangu zamani kwamba ni ukoma.

Mficha maradhi kilio humfichua. Lakini sikuandiki nikuseme. Nimelia mpaka Sista akaniuliza nani amekufa, nikamwambia. Ndiyo, nimemwambia Sista. Siwezi kuvaa nguo hii nyeupe nikanyamaza. Ukitaka kunichukia nichukie, ila unichukie ukiwa hapa. Kuna vidonge vipya, mjomba, si zile sindano za mafuta ulizoziona zamani. Wapo wanaoacha kuharibika vidole. Kibakuli cha mlangoni Sista amekiosha kwa dawa, akasema ugonjwa huo hauambukizi upesi hivyo, kisha akakiosha tena.

Mama pia nimemwambia. Halafu akasema, "Kumbe ni vidole. Mimi nilidhani ni moyo." Nikafikiri yamekwisha, nikamwuliza kama sasa atakubali kisu. Akasema mtu anayemficha dada yake ugonjwa wake ana neno tu, hawezi kukosa, aje alitoe. Nikamweleza unaogopa labda, kwa hali hiyo, maji ya mdomo wako hayafai tena. Akaniambia nikuandikie hivi, na ninaandika kama alivyosema: "Mate hutoka mdomoni, hayatoki vidoleni."

Njoo.

Valentina


Nachingwea
7 Oktoba 1951

Mpwa wangu,

Marahaba. Adinani ameandika, sikuwa na njia nyingine, na amejua yote. Hakuhama chumba. Amenishonea kifuko cha kitambaa cha mkono wa kulia.

Nakwambia ninaloliogopa, kisha tusilirudie. Nilipokuwa katekista nilizika wakoma wawili wa kambi hiyo. Mmoja alikuwa na kaka wanne. Siku ya kuzika tulikuwa padre, mimi na mchimba kaburi, na ndugu zake walikaa nyumbani kana kwamba walimzika siku alipoingia. Najua nikivuka kile kijito sirudi kuwa mjomba wa mtu. Watakaa vikao vya ukoo bila mimi, na hawatakuwa na ubaya wowote, watasahau tu kuniita.

Nimechoka, Valentina. Kuficha ni kazi kuliko kupika. Nitapanda na Isihaka, nyuma kwenye magunia, nimemwambia mwenyewe sababu ya kutompa mkono. Msinipokee kwa kitu chochote.

Eustakio


Lindi
20 Januari 1952

Mjomba wangu,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya, ingawa umekwisha zeeka. Mimi nimefika salama, wamenipa kitanda karibu na dirisha na mbu wote wa Lindi. Masomo ya ukunga ni magumu, mikono inanuka dawa hata wakati wa kula, na usingizi naupata kwa vipande. Lakini wanazaliwa, mjomba. Baada ya mwaka ule ninashukuru kuona watu wanaingia badala ya kutoka.

Uliniuliza siku ya kuagana ilikuwaje mama akatoka wodini, nami sikuwa na nafasi. Nakuambia sasa.

Ulipofika, Sista alikukataza mlango. Sababu yake ilikuwa mimi, mimi ndiye niliyesema. Nilikwenda kumwomba akaniambia mgonjwa wa kupasuliwa asipuliziwe maji na mtu yeyote, hata angekuwa askofu, na pale nilijua ana haki na nilijua ananiulia mama. Nikarudi kitandani nikamwambia mama kwamba kaka yake yuko nje, nyuma ya jiko, haruhusiwi kuingia. Basi akaweka miguu chini. Miezi yote ile alikuwa haendi hata chooni bila kushikwa. Alijifunga kanga chini ya tumbo kama mtu anayebeba mtungi kwa mbele, akashika ukuta, akaanza kwenda. Sista alikuja mbio. Mama Daktari akatoka chumbani kwake, akamtazama mama, akamzuia Sista kwa mkono. Sijui alielewa nini. Alisema Kizungu maneno machache, Sista akaenda kutafuta blanketi.

Mengine uliyaona. Niliwaacha wawili pale penye kuni kwa sababu hayakuwa yangu kuyasikia. Niliona tu umechukua kikombe, umesema, mama amejifunika uso, na maji yakamwagika kifuani pake. Alirudi akapanda kitanda cha magurudumu mwenyewe, akamwambia Sista asimfunge kamba, hatakimbia. Uvimbe ulijaza beseni.

Nimemwuliza mama mara nyingi ulisema nini. Anajibu, "Alisema lililokuwepo." Na wewe ulinijibu nikale. Sasa niko mbali, siwezi kulipeleka popote. Ulikuwa na neno gani na mama yangu? Uliandika huna, nami nilikuamini.

Valentina


Kambini, ng'ambo ya kijito
16 Machi 1952

Mpwa wangu Valentina,

Marahaba. Milele amina. Herufi zikipinda usishangae, kalamu imefungwa kwenye kiganja kwa kitambaa cha Adinani, na mwalimu wa huku anasema mwandiko umekuwa mzuri kuliko wa padre. Vidonge ninameza. Vinanitia kichefuchefu, lakini baka la bega limeacha kukua. Nimepewa jiko niwapikie wenzangu, kwa uma mrefu, na Sista anakagua viganja vyangu kila asubuhi kama viganja vya mtoto wa shule. Baba yako Kasmiri alikohoa tangu Noeli, sasa amepona. Protasi ananisalimu akiwa ng'ambo, kwa kupunga mkono. Si vibaya, anaogopa.

Umeuliza. Nitakuambia kwa sharti kwamba barua hii uichome.

Sikuwa na neno. Nililitafuta njia nzima juu ya magunia, tangu Nachingwea, nikijipekua kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Nilikumbuka utoto wetu wote, mpaka mihogo aliyonilia nikiwa mdogo, na kila nilichokishika nilikuta nimekwisha kusahau zamani. Kisha ninamwona anakuja ameshika ukuta, tumbo mbele, Masista nyuma yake, na uso wake umetulia kwa sababu anaamini nimelileta. Ningemwambia sina, angerudi wodini kufa. Nikachukua maji mdomoni, nikayameza kwa hofu, nikachukua mengine. Nikabuni.

Nikamwambia, "Dionisia, tangu niende Nachingwea hujaja kwangu hata siku moja. Mimi ndiye ninayetakiwa kuja kwako siku zote. Neno langu ni hilo."

Nilimdanganya dada yangu na maji ya wazee mdomoni. Padre nimemwungamia, akanipa Baba Yetu moja, nadhani hakujua ni dhambi ya upande gani. Lakini kuna hili ambalo kwa padre sikulisema. Machozi aliyoyaona Dionisia nilipotamka maneno yale hayakuwa ya kubuni.

Sasa tazama lililotokea. Alipopata nguvu ya kutembea, Jumapili ya kwanza alivuka kijito. Ukoo walimkataza, baba yako alimkataza. Yeye akawajibu kwamba kaka alimwambia neno lake mbele yake, na mtu akishaambiwa hana udhuru. Anakuja kila Jumapili. Ananikalia kwenye kiti changu, ananisema kwa uchafu wa sufuria, anakula chakula changu kwenye sahani yangu. Wenzangu hapa hawana anayewajia, wote wanatoka nje kumwamkia.

Jumapili iliyopita mvua ilijaza kijito. Kengele ya misa ililia, mimi nilikuwa bado njiani nimesimama na mwavuli wa kuazima, nikitazama ng'ambo. Katekista mzima, misa ikanipita. Alifika mchana, kanga imelowa hadi kiunoni, akaniuliza kama nimeanza kuweka neno jingine moyoni. Nikamwambia nipe muda.

Usimwambie kamwe kwamba nilibuni.

Mjomba wako,
Eustakio